Nandigram: Jimbo Lililompandisha Kiongozi, Kisha Likamnyima Kura

Yapo majimbo ya uchaguzi ambayo majina yake hayavuki mpaka wa wilaya, na yapo machache ambayo kiongozi akiyasikia hujiweka sawa kitini. Nandigram, jimbo la vijijini lililoko mashariki ya India, ni la aina hii ya pili. Katika muda wa miaka kumi na minne tu, kuanzia 2007 hadi 2021, wakulima wake walichangia kuiangusha serikali iliyokuwa imedumu madarakani kwa miaka 34, wakamwinua mwanamke mmoja hadi kilele cha utawala, kisha wakamnyima ushindi mwanamke huyo huyo siku alipokuja kuwaomba kura kwa jina lake mwenyewe.

Tumeona ni vyema kuisimulia historia hiyo katika kurasa hizi za familia, ingawa ni habari ya siasa na ya nchi ya mbali. Ndani yake yamo mambo yasiyokuwa mageni kwa nyumba yoyote: shamba ambalo baba anataraji kumrithisha mwanawe, mama aliyefiwa na mtoto, jirani wa dini nyingine, na kura ambayo mnyonge hubaki nayo mkononi baada ya kupokonywa karibu kila kitu kingine. Nandigram inatufundisha kwamba jimbo la uchaguzi si milki ya chama wala ya ukoo. Inatufundisha pia kwamba watu waliounganishwa na haki wanaweza kuja kutenganishwa na maneno.

Mahali penyewe

Kabla ya kwenda mbali, yatupasa kulitengeneza neno moja. India ni shirikisho, na kila sehemu inayounda shirikisho hilo ina serikali yake na bunge lake la kutunga sheria. Ili msomaji asichanganyikiwe, sehemu hizo tutaziita mikoa, na neno jimbo tutaliachia jimbo la uchaguzi. Mkuu wa serikali ya mkoa tutamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho ndugu zetu wa Zanzibar wanakikumbuka vizuri.

Nandigram iko katika mkoa wa West Bengal, ambao makao yake makuu ni Kolkata, katika wilaya ya Purba Medinipur. Ni nchi tambarare, yenye mito na mabwawa, inayolimwa mpunga na tambuu, jani lile ambalo wazee wa mwambao wetu wanalijua kwa kulitafuna pamoja na popoo na chokaa. Ng'ambo ya mto Haldi iko Haldia, mji wa bandari na viwanda vya mafuta na kemikali. Kwa hiyo mkulima wa Nandigram, akisimama ukingoni mwa mto, huyaona maendeleo kwa macho yake mawili. Huuona moshi wa viwanda, na hujiuliza ni nani anayekula matunda yake.

Wengi wa wakazi ni Wahindu, na takribani robo ni Waislamu. Kwa miaka mingi wameishi pamoja wakilima mashamba yanayopakana na kuuza katika magulio yale yale.

Historia ya ukaidi

Wilaya hiyo haikuanza ukaidi juzi. Mwaka 1942, wakati wa vuguvugu la kuwataka Waingereza waondoke India, wananchi wa eneo la Tamluk, ambamo Nandigram imo, waliunda serikali yao wenyewe iliyojulikana kama Tamralipta Jatiya Sarkar. Serikali hiyo iliendesha mambo yake mbele ya macho ya mkoloni tangu Desemba 1942 hadi 1944. Mmoja wa viongozi wake, Ajoy Mukherjee, baadaye alikuja kuwa Waziri Kiongozi wa West Bengal.

Mwaka 1946 yalifuata mapambano ya Tebhaga. Wakulima waliokuwa wakilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu walidai wabaki na theluthi mbili, na mwenye shamba apewe theluthi moja. Nandigram ilikuwa miongoni mwa ngome za madai hayo, na chama kilichowaongoza wakulima kilikuwa Chama cha Kikomunisti. Hapo ndipo unapopatikana mzizi wa uaminifu wa jimbo hilo kwa vyama vya mrengo wa kushoto kwa miongo mingi iliyofuata.

Uaminifu huo ulipata nguvu mpya baada ya 1977, pale muungano wa vyama vya kushoto, ukiongozwa na Chama cha Kikomunisti cha India cha Kimarx, ulipoingia madarakani mkoani. Serikali hiyo iliendesha kampeni iliyoitwa Operation Barga, ambayo kwayo wakulima wasiokuwa na mashamba yao zaidi ya milioni moja waliandikishwa rasmi, ili mwenye ardhi asiweze kuwafukuza kwa hamaki wala kuwadhulumu fungu lao. Mkulima aliyepewa karatasi ile alikuwa na sababu ya kuipa serikali kura yake, na wanawe wakaifuata njia ya baba yao. Katika mgawanyo wa viti baina ya vyama vya muungano, Nandigram liliachiwa chama kidogo cha CPI, nacho kilishinda hapo tena katika uchaguzi wa 2006.

Uchaguzi huo wa 2006 uliipa serikali viti 235 kati ya 294. Waziri Kiongozi, Buddhadeb Bhattacharjee, alikuwa ametangaza kwamba zama za kilimo peke yake zimepita na sasa mkoa unahitaji viwanda. Hakuna aliyedhani kwamba ushindi mkubwa namna ile ndio uliobeba mwanzo wa anguko.

Tangazo la ardhi

Mpango ulikuwa kujenga eneo maalumu la kiuchumi kwa ajili ya viwanda vya kemikali, kwa ushirikiano na kampuni ya Salim Group ya Indonesia, na mahali palipochaguliwa palikuwa Nandigram. Mwanzoni mwa Januari 2007 zilienea habari za tangazo la mamlaka ya maendeleo ya Haldia kwamba maelfu ya ekari yangetwaliwa. Wananchi hawakuwa wameitwa kushauriwa. Walilisikia jambo kubwa kuliko yote maishani mwao kama mtu anavyosikia uvumi gulioni.

Kilichofuata kilikuwa cha kustaajabisha. Wakulima waliokuwa wafuasi wa serikali kwa vizazi viwili walichimba barabara na kuvunja vidaraja ili magari ya polisi yasiingie. Waliunda kamati ya kupinga kuhamishwa, ambamo walikutana watu ambao kwa kawaida hawaketi jamvi moja: chama cha upinzani cha Trinamool Congress kilichoongozwa na Mamata Banerjee, wanasiasa wa vyama vidogo, na wanazuoni wa Jamiat Ulema-e-Hind. Mwislamu na Mhindu walilinda zamu pamoja usiku kwa sababu tangazo lilikuwa halikubagua shamba la huyu na la yule.

Yatupasa kusema kwa uadilifu kwamba mateso hayakuwa ya upande mmoja. Wafuasi wa chama tawala waliokuwa wakiishi Nandigram walifukuzwa makwao na mamia yao wakakimbilia kambi za Khejuri, jirani na hapo. Damu ilimwagika tangu wiki ya kwanza ya Januari. Lakini siku iliyobadilisha historia ni tarehe 14 Machi 2007.

Siku hiyo polisi kwa maelfu waliingia kuurudisha utawala wa serikali. Wanakijiji walikusanyika kuwazuia, wanawake na watoto wakiwa mstari wa mbele. Wahindu walikuwa wakifanya ibada yao, na Waislamu wakisoma Qur'ani, kwa matumaini kwamba asingepatikana mtu wa kunyanyua silaha juu ya watu walio katika ibada. Polisi walifyatua risasi, na watu 14 wakauawa.

Serikali ililegeza msimamo. Waziri Kiongozi alitamka kwamba kiwanda hakingejengwa mahali ambapo watu hawakitaki, na mradi ukahamishiwa katika fikra za kisiwa cha Nayachar, ambako nako haukujengwa. Hata hivyo, mnamo Novemba 2007 wafuasi wenye silaha wa chama tawala waliingia Nandigram kuvirudisha vijiji mikononi mwao, na Waziri Kiongozi akasema hadharani kwamba wapinzani wamelipwa kwa sarafu yao wenyewe. Kauli hiyo ilimwandama hadi mwisho wa utawala wake. Mwezi huo huo Mahakama Kuu ya Calcutta iliamua kwamba ufyatuaji risasi wa 14 Machi ulikuwa kinyume cha Katiba, ikaamuru kila familia ya aliyeuawa ilipwe fidia ya rupia 500,000.

Mama aliyeingia bungeni

Hukumu ya mahakama ni jambo moja, na hukumu ya sanduku la kura ni jambo jingine. Mwezi Mei 2008 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Trinamool kilitwaa baraza la wilaya ya Purba Medinipur, jambo ambalo miaka miwili nyuma lingechekwa kama ndoto ya mchana.

Kisha mjumbe wa jimbo alijiuzulu, na uchaguzi mdogo ukaitishwa Januari 2009. Trinamool hakikumsimamisha wakili wala mfanyabiashara. Kilimsimamisha Firoza Bibi, mwanamke Mwislamu wa kijijini, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa waliouawa tarehe 14 Machi. Aliomba kura akiwa mama aliyefiwa, katika jimbo ambalo wapiga kura watatu kati ya wanne si wa dini yake. Alishinda kwa tofauti ya karibu kura 40,000.

Tunaomba msomaji asiipite haraka habari hii. Watu wa Nandigram hawakuuliza mama huyu anasali wapi. Walimpa kiti kwa sababu msiba wake ulikuwa msiba wao na shamba lililotetewa kwa damu ya mwanawe lilipakana na mashamba yao. Mwaka 2011 walimchagua tena kwa tofauti kubwa inayokaribiana na ile ya kwanza. Ikiwa mtu atataka ushahidi kwamba raia wa dini mbalimbali wanaweza kuchaguana kwa haki na si kwa kabila la ibada, basi matokeo haya mawili yanamtosha.

Mwaka huo wa 2011 ndio uliokuwa mwisho wa utawala wa vyama vya kushoto baada ya miaka 34. Trinamool kilipata viti 184 kati ya 294, na pamoja na mshirika wake Congress kikapita viti 220. Buddhadeb Bhattacharjee mwenyewe alikipoteza kiti chake cha Jadavpur kwa zaidi ya kura 16,000. Mamata Banerjee akawa Waziri Kiongozi. Nandigram haikuwa sababu pekee, kwani huko Singur nako wakulima walikuwa wamepambana kuhusu ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha magari cha Tata. Lakini jina la Nandigram lilikuwa limekwisha kuwa wito wa vita katika kila mkutano wa kampeni.

Matunda yake yalivuka mpaka wa mkoa. Kwa zaidi ya karne moja, India ilikuwa ikitwaa ardhi kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1894, ambayo ilimwezesha mtawala kuchukua shamba kwa kulitaja tu kuwa ni kwa manufaa ya umma. Mwaka 2013 Bunge la nchi lilitunga sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2014. Sheria hiyo inataka ridhaa ya asilimia 80 ya wenye ardhi wanaoguswa pale inapotwaliwa kwa ajili ya kampuni binafsi, na asilimia 70 pale mradi unapokuwa wa ubia baina ya serikali na sekta binafsi. Fidia ya vijijini inaweza kufika mara nne ya bei ya soko. Mkulima wa mkoa mwingine kabisa, ambaye hajawahi kuuona mto Haldi, leo anaulizwa ridhaa yake kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kutoulizwa.

Ngome ya mtu mmoja

Harakati zikiisha, hubaki wanaozimiliki. Nandigram alikuwapo kijana wa ukoo maarufu wa kisiasa wa pwani ile, Suvendu Adhikari, ambaye baba yake, Sisir Adhikari, naye alikuwa mwanasiasa mkongwe. Suvendu alikuwa mstari wa mbele kuuratibu upinzani wa 2007, na mwaka 2009 akashinda ubunge wa Tamluk katika Bunge la nchi, akimshinda kigogo wa chama tawala aliyehusishwa na mamlaka ya Haldia. Mwaka 2016 aliletwa kugombea Nandigram, na Firoza Bibi akahamishiwa jimbo la Panskura Paschim, ambako alishinda.

Matokeo ya mwaka huo yanastahili kuandikwa kwa tarakimu, kwa kuwa tutayahitaji mbele. Suvendu Adhikari wa Trinamool alipata kura 134,623. Mgombea wa CPI, Mwislamu, alipata 53,393. Tofauti ilikuwa kura 81,230. Chama cha BJP, kinachojinadi kwa utaifa wa Kihindu, kilikuwa nyuma sana katika nafasi ya tatu. Yeyote aliyeitazama hesabu hiyo angesema kwamba Nandigram ni ngome isiyobomoka ya Trinamool.

Lakini ilikuwa ngome ya nani? Ya chama, au ya mtu? Swali hilo lilipata jibu Desemba 2020, pale Suvendu Adhikari alipokihama Trinamool na kujiunga na BJP mbele ya Waziri wa Mambo ya Ndani wa India, Amit Shah. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Januari 2021, Mamata Banerjee alisimama katika mkutano wa hadhara huko huko Nandigram na kutangaza kwamba atakuja kugombea hapo, na hatimaye akakiacha kiti chake cha Bhabanipur mjini Kolkata. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe, na wengi wa wafuasi wake walikuwa na hofu ya namna hiyo. Lakini mama yule hakuwa na desturi ya kukwepa.

Kura 1,956

Kampeni ya 2021 haikufanana na maombolezo ya 2009. Mamata aliwasilisha fomu zake tarehe 10 Machi, na jioni ya siku hiyo aliumia mguu katikati ya umati huko Nandigram. Akaifanya kampeni iliyobaki akiwa katika kiti cha magurudumu. Mpinzani wake alimwita begum, kwa kusudi la kuwaonyesha Wahindu kwamba huyu ni mtu wa Waislamu. Yeye naye alijibu kwa kusoma hadharani aya za Chandi, maandiko ya Kihindu, kuthibitisha Uhindu wake. Jimbo ambalo wananchi wake walikufa wakiwa wamesimama bega kwa bega sasa likagawanywa kwa hesabu ya asilimia: hawa sabini, wale thelathini.

Hilo ndilo tunaloliona kuwa msiba wa pili wa Nandigram, ingawa haukutoa jeneza. Suala la ardhi, fidia na ajira za vijana wanaovuka mto kutafuta vibarua Haldia lilikaa kando, na likaletwa suala la nani ni wa dini gani. Muislamu aliyelinda zamu ya usiku mwaka 2007 aligeuzwa kuwa tarakimu katika kinywa cha mtu aliyelinda pamoja naye.

Kura zilipigwa tarehe 1 Aprili 2021, na takribani asilimia 88 ya waliojiandikisha walijitokeza. Siku hiyo Mamata alikaa kwa muda mrefu katika kituo kimoja cha kura kijijini Boyal, akilalamika kwamba wafuasi wake wanazuiwa. Kura zilihesabiwa tarehe 2 Mei. Mchana kutwa uongozi ulikuwa ukienda huku na kurudi kule, na kuna wakati vyombo vya habari vilitangaza kwamba ameshinda. Jioni ikadhihiri kwamba ameshindwa. Suvendu Adhikari alipata kura 110,764, Mamata Banerjee 108,808. Tofauti ilikuwa kura 1,956, katika jimbo lenye wapiga kura zaidi ya 250,000. Chama chake kiliomba kura zihesabiwe upya na ombi likakataliwa.

Tuziweke tarakimu za 2016 na 2021 pamoja. Kura za mrengo wa kushoto, zilizokuwa 53,393, zilishuka hadi 6,267 alizopata mgombea kijana, Minakshi Mukherjee. Upande ule uliolitawala jimbo kwa miongo kadhaa ulikuwa umebaki na kura chache mno, lakini hata hizo chache zilikuwa zaidi ya mara tatu ya tofauti baina ya mshindi na mshindwa. Katika mfumo wa uchaguzi ambamo anayeongoza hata kwa kura moja hutwaa kiti kizima, hakuna kura ya kudharauliwa. Jirani aliyebaki nyumbani kwa kudhani kwamba kura yake moja haina uzito hakuifanya hesabu hii.

Mshindwa aliyeapishwa

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba usiku ule ule Waziri Kiongozi aliposhindwa katika jimbo lake, chama chake kilikuwa kimeshinda mkoa mzima. Kati ya majimbo 292 yaliyopiga kura wakati huo, Trinamool kilitwaa 213, na BJP 77. Tarehe 5 Mei 2021 Mamata Banerjee aliapishwa kwa kipindi cha tatu bila kuwa mjumbe wa Bunge.

Je, hilo linaruhusiwa? Katiba ya India, katika ibara ya 164, inaruhusu mtu asiye mjumbe kushika uwaziri wa mkoa kwa muda usiozidi miezi sita. Muda huo ukipita bila yeye kupata kiti, hana budi kuondoka. Ni sharti lenye hekima, kwa kuwa huwapa walioshinda nafasi ya kupanga mambo yao, lakini halimruhusu mtu kuwatawala watu muda mrefu bila kuwaomba ridhaa yao. Mamata mwenyewe aliwahi kuitumia nafasi hiyo mwaka 2011, kwani alikuwa mbunge wa Bunge la nchi alipochukua madaraka ya mkoa.

Safari hii mjumbe aliyekuwa ameshinda Bhabanipur, Sobhandeb Chattopadhyay, alijiuzulu ili kumpisha. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 30 Septemba 2021, na Mamata akashinda kwa tofauti ya kura 58,835, akiwa amebakiwa na muda mfupi tu kabla ya miezi sita kutimia. Suvendu Adhikari, kwa upande wake, akawa kiongozi wa upinzani bungeni. Mamata alifungua shauri katika Mahakama Kuu kuyapinga matokeo ya Nandigram. Jaji aliyepangiwa, baada ya kutakiwa ajitoe kwa madai ya ukaribu wake na chama cha upande wa pili, alijitoa Julai 2021, lakini akamtoza mlalamikaji faini ya rupia 500,000 kwa namna alivyoliwasilisha ombi hilo.

Si mara ya kwanza kwa wapiga kura wa West Bengal kumtendea hivyo mkuu wa serikali. Mwaka 1967 Waziri Kiongozi Prafulla Chandra Sen alishindwa huko Arambagh kwa kura 881 tu, na aliyemshinda alikuwa yule yule Ajoy Mukherjee wa Tamluk tuliyemtaja juu. Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya Bhattacharjee. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Mamata. Wote watatu walikuwa na magari ya serikali, walinzi na magazeti ya kuwasifu, na wote watatu walihukumiwa na watu ambao wengi wao walikwenda kituoni kwa miguu.

Tunachokiona sisi

Wapo watakaosema kwamba habari ya Nandigram ni habari ya kutotulia: leo wako na huyu, kesho na yule. Sisi hatuioni hivyo. Mwaka 1946 walikuwa na waliowatetea katika fungu la mavuno. Mwaka 1978 na kuendelea walikuwa na waliowapa karatasi ya haki ya kulima. Mwaka 2009 walikuwa na waliosimama nao dhidi ya kunyang'anywa. Kwa zaidi ya nusu karne kipimo kilikuwa kimoja, nacho ni shamba. Vyama ndivyo vilivyohama, si wakulima.

Mwaka 2021 ndipo kipimo kilipoyumba kwa mara ya kwanza, na nusu ya jimbo ikapimana na nusu ya pili kwa dini. Hatuandiki haya kuwalaumu waliompigia huyu wala yule, kwa kuwa kila mpiga kura alikuwa na sababu zake, na wako waliomfuata Suvendu kwa kuwa alikuwa nao siku za shida. Tunayaandika kwa sababu wanasiasa wa pande zote mbili walikuta hazina ya umoja iliyolipiwa kwa roho za watu, nao wakaitumia kama sarafu za mfukoni.

Kila mwaka inapofika tarehe 14 Machi, waliouawa hukumbukwa huko Nandigram. Zamani ulikuwa ukumbusho wa wote. Tangu kuhama kwa Suvendu, kila chama huandaa mkutano wake, kila kimoja kikidai kwamba mashahidi wale ni wake. Miongoni mwa waliolala makaburini na waliochomwa kwa desturi ya Kihindu, hakuna aliyeuawa akiwa na kadi ya BJP dhidi ya Trinamool. Walikufa wakitetea mashamba ya mpunga na tambuu, na mashamba hayo mpaka leo yanalimwa na watoto wao, Wahindu na Waislamu, yakiwa yametenganishwa na matuta tu.